Mama wa Nyaya na Banda la Gari Letu

Ulikuwa huwezi kuingia dukani kwa Mama wa Nyaya ukasema, "Nikatie waya mita kumi," ukakatiwa. Kwanza alikutazama juu ya miwani. Halafu alivuta stuli, akakaa kama mtu aliyefika kwenye kikao cha harusi, ndipo akauliza, "Mwisho wa waya kuna nini?"

Watu hawajazoea kuulizwa maswali Kariakoo. Kariakoo unaonyesha kidole, unafungiwa, unakwepa guta, unaenda zako. Namkumbuka jamaa mmoja mwenye tai, ametoka Posta mbio mbio na anataka kuwahi kurudi ofisini. Alipoulizwa mwisho wa waya kuna nini, akajibu, "Kuna nyumba yangu."

"Nyumba haili umeme, baba. Ndani yake nini kinakula?"

Jamaa akataja taa, feni, friji na pasi, huku akitazama saa.

"Na jiko?"

"Sina jiko la umeme."

"Mkeo anasemaje kuhusu hilo?"

Jamaa akacheka kidogo, akapiga simu nyumbani ili amalize ubishi. Tulimwona uso unabadilika. Kumbe jiko lilishanunuliwa wiki iliyopita, limefichwa kwa dada wa mkewe, na yeye peke yake ndiye hakuwa na habari. Alitoka pale na waya mnene kuliko aliokuja kuufuata, na kikao cha jioni juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya roli la waya, sare ya shule mwilini, nacheka hadi nikapaliwa na maji ya bure ya Mama wa Nyaya.

Niweke wazi mapema: jina lake silitaji. Nimebakiza mwaka mmoja kumaliza shule na nataka kuumaliza nikiwa hai. Msiniulize pia alizaliwa wapi na ukoo gani. Kuuliza ilikuwa kazi yake, sisi wengine tulijibu. Ninachojua ni kwamba alikuwa mama wa Kilimanjaro, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu Magomeni, na sisi Idi tulimpelekea pilau, yeye Krismasi akatuletea mtori. Fremu yake ya vifaa vya umeme ilikuwa Kariakoo, ndogo kiasi kwamba wakiingia wateja wawili wanene ilibidi wapumue kwa zamu. Shule yangu iko karibu na pale. Kengele ikilia, wenzangu walienda twisheni, mimi nilienda kwa Mama wa Nyaya kusoma binadamu.

Mawinga walimwogopa. Wale vijana wanaokushika mkono barabarani, wanakuvuta hadi duka fulani ili mwenye duka awatoe kidogo, kwake hawakuleta mtu zaidi ya mara moja. Winga mmoja alimletea mteja wa pampu ya maji. Mama wa Nyaya akamhoji mteja: kisima kina urefu gani, pampu ina nguvu gani, waya utapita juani au ardhini. Baada ya robo saa mteja akagundua kwamba hana kisima, ana mpango wa kisima. Akarudi nyumbani mikono mitupu, anamshukuru mama kwa mikono miwili. Winga alibaki mlangoni ameshika kiuno. "Huyu mama hauzi," akaniambia, "huyu anatoa ushauri nasaha."

Lakini alikuwa anauza. Wateja wake walikuwa wachache na walirudi miaka na miaka, kama watu wanavyorudi kwa daktari mkali.

Kipimo chake kilikuwa misumari miwili iliyopigwa juu ya meza, kati yake mita moja. Waya ulivutwa kutoka msumari hadi msumari huku akihesabu kwa sauti, na kwa sababu alikuwa mwanakwaya, alihesabu kwa sauti ya pili. "Mooja. Mbiili." Hapo ndipo alipokuwa na udhaifu, nami niliugundua nikiwa kidato cha kwanza. Mama wa Nyaya alikuwa hawezi kuiacha shikamoo ikapita bila kuijibu. Na akishajibu, hesabu ilimpotea, na alikuwa hakisii. Alianza upya.

Kwa hiyo unasubiri. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," anasema, mikono imesimama hewani, macho yamefumba kama mtu aliyekanyagwa. Halafu: "Mooja."

Siku moja tulijipanga watu wanne, mimi na vijana wa duka la tochi la jirani, tukamwamkia kwa zamu. Mteja wa mita ishirini alisimama pale hadi akaomba kiti. Mama wa Nyaya alituitikia wote wanne bila kumruka mmoja, maana adabu ni adabu, kisha akachukua kipande cha bomba la plastiki akatukimbiza hadi kwenye kona ya wauza vitambaa.

Chini ya meza alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Humo hakuweka hela wala sukari, aliweka nyaya zilizoungua. Mteja akija analalamika kwamba waya alioununua kwingine umeyeyuka, Mama wa Nyaya aliomba kipande, akakifunga karatasi, akakiandika. "Saluni, madraya matatu." "Kinyozi na friji ya soda." "Mashine ya chipsi." Kimoja kiliandikwa "Mchungaji" tu, na hicho hakukieleza hata nilipopiga magoti. Kopo zima aliliita wagonjwa wangu. Ukimbishia, alilimwaga mezani, ukatazama vipande vyote vile vyeusi vilivyokunjamana, ukapunguza mdomo.

Alikuwa pia na kisu kidogo na mzani wa kupimia nyanya. Kisu kilikwangua ncha ya waya uone kama ni shaba mpaka ndani au ni bati jeupe lililopakwa rangi ya shaba. Mzani ulikuwa wa kumkomesha wakala wa jumla. "Roli hili ni jepesi kuliko la mwezi uliopita," anamwambia, "limefunga?" Wakala mmoja aliapa kwa vitabu vyote viwili. Mama akakwangua ncha, pakang'aa peupe. Wakala akabeba roli lake na hakuaga.

Sasa mtu huyu, mnadhani nyumbani kwake mambo yalikuwaje?

Sebuleni kwake kulikuwa na eksitensheni moja. Moja. Hiyo hiyo ilibeba televisheni, friji, feni, pasi siku za ibada, na simu za watu wote waliopita kusalimia. Ilikuwa imefungwa plasta mahali pawili, kama bondia. Siku ya Krismasi, sahani ya ndizi mkononi, niliinama nikaitazama kwa makini, nikamuuliza kwa upole wote niliojaliwa, "Mama, mwisho wa waya huu kuna nini?"

"Kuna mgeni asiye na adabu," akasema. "Kula."

Na umeme wenyewe aliuogopa kuliko mimi ninavyoogopa hesabu. Nyaya ambazo hazijaunganishwa alizishika kama mtoto wake. Zikishaunganishwa, hakuzisogelea. Kubadili balbu nyumbani kwake ilikuwa operesheni: meni swichi inashushwa, watu wote wanatolewa uani, na yeye mwenyewe anasimama getini amevaa gambuti, anaongoza kwa sauti. Balbu ya dukani alibadilishiwa na jirani wa tochi, yeye akiwa ng'ambo ya barabara.

Mwaka jana mwalimu wa Kiswahili alitupa insha juu ya mtu tunayemheshimu. Nikaona hapa ndipo pa kuchota. Mwanamke anayewahoji watu hivi lazima ana kisa. Lazima kuna nyumba iliungua, kuna siku alimuuzia mtu waya bila kumuuliza, akaapa. Nikaenda na daftari. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ulianzaje kuuliza?"

Alifikiri kidogo. "Walikuwa wananirudishia," akasema.

"Wanarudisha nini?"

"Waya. Umeshaukata, mtu anakuja kesho, ooh si wenyewe, ooh umenibambikia. Ukishakatwa nitamuuzia nani? Nikachoka kugombana. Nikaona bora nigombane nao kabla ya kukata."

"Hakuna nyumba iliyoungua?"

"Nyumba ya nani? Toka hapa."

Nikaandika hivyo hivyo. Nikapata kumi na mbili kwa ishirini, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kisa hakina tukio."

Tukio lilikuwa linakuja, na lilikuwa linakuja kwetu.

Baba yangu ni fundi seremala. Miaka ishirini alifanyia kazi chini ya mabati kwenye kiwanja cha mtu, hadi mwenye kiwanja akataka kiwanja chake. Akahamishia mashine nyumbani, kwenye banda la gari ambalo babu alilijenga akisubiri gari. Gari halikuja. Banda lilikaa na baiskeli mbovu na kuku wa jirani hadi Baba alipoingiza mashine ya kuranda, msumeno wa meza na kompresa ya kupulizia vanishi. Alifagia, akapaka chokaa, akasimama mlangoni anatabasamu kama amejifungua.

Umeme aliuvuta kwa eksitensheni kutoka sebuleni kupitia dirishani. Alipowasha randa mara ya kwanza, mashine ilinguruma kama mtu anayetafuta chafya, haikuzunguka, halafu nyumba nzima ikazima. Friji la mama yangu nalo likazima. Mama anauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule, ndizo zinazonunua daftari zangu, na jioni ile zilikuwa uji mwekundu. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu eksitensheni ikaanza kunuka.

Mama hakupiga kelele. Ni mbaya zaidi anapokuwa hapigi kelele. Alisema kuna mfanyabiashara wa magodoro Kariakoo anatafuta stoo, amelipenda banda, na Jumapili alasiri anakuja kuchukua jibu. "Mpaka Jumapili," akamwambia Baba, "mashine zako ziwake na friji langu liwake. Vyote viwili. La sivyo banda linakaa magodoro, na wewe yule rafiki yako wa Buguruni si alisema anahitaji fundi."

Rafiki wa Buguruni ana umri wa miaka thelathini na moja. Baba alimfundisha yeye kushika randa. Baba alikwenda kukaa juu ya msumeno wake.

Jumatano tukaenda Kariakoo, yeye na mimi.

"Habari za hapa, jirani," Baba akasema. "Nikatie waya wa milimita mbili na nusu, mita ishirini na mbili na sentimita nne."

Mama wa Nyaya akavuta stuli. Mimi nikavuta roli nikakaa, maana filamu inaanza.

"Mwisho wa waya kuna nini, Baba Zuhura?"

"Si unajua. Boksi dogo la breka kwa ajili ya karakana yangu."

"Mimi sijui. Nitajie mashine moja moja."

Akataja.

"Zinawaka kwa pamoja?"

"Nina mikono miwili tu, jirani. Nawasha moja, nazima, nawasha nyingine."

"Na kompresa ina mikono?"

Baba akatazama vidole vyake.

"Kompresa ikipungukiwa upepo inajiwasha yenyewe. Haikuombi ruhusa. Wewe unaranda, yenyewe imeamka. Hizo ni mbili. Na mota inapoanza ndipo inapovuta kweli kweli, kama mkokoteni wa viazi: kuung'oa ndiyo kazi, ukishatembea hata huyu," akanionyesha mimi, "anausukuma. Sasa umeme wako utoke mbele ya nyumba, uende mpaka nyuma kabisa, ndani ya waya mwembamba. Utafika umechoka. Mashine itanguruma, waya utapata homa." Akaliinua kopo lake juu ya meza, akaligonga gonga kwa ukucha.

"Mbili na nusu ndiyo ipo kwenye soketi za nyumba nzima," Baba akasema.

"Kwenye soketi, ndiyo. Kwako inatakiwa sita. Wenye waya wa ethi, ule wa kushusha umeme ardhini, humo humo, na uwe wa kuzikwa, huu uliovikwa chuma, kwa sababu uani kwenu yanapita madumu ya maji na jembe la Mama Zuhura."

Baba alihisi anabambikiwa. Nilimwona. Mtu mzima akihisi anabambikiwa mbele ya mtoto wake anafanya ujinga, na Baba akaufanya. "Basi kama ni unene," akasema kwa sauti ya watu wote, "nikatie kumi na sita."

Mama wa Nyaya akavua miwani. "Kumi na sita unamwashia nani, treni? Waya unaoingia kwako kutoka nguzoni wenyewe haufiki huko. Ukifunga bomba la zimamoto bafuni, maji yataongezeka? Sikukatii. Sita, na breka ya ampea thelathini na mbili, ijikate umeme ukizidi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu walirudi kwake. Baba pia, nadhani, ingawa alijifanya anasoma kalenda ya ukutani.

Likabaki la urefu. "Hiyo ishirini na mbili na sentimita nne," akauliza, "umepima umepita wapi?"

"Kutoka mita ya umeme mpaka ukuta wa mwisho wa banda, litakapokaa boksi. Futi kamba, mara tatu."

"Umepima chini?"

"Jirani, mimi ni fundi mbao. Nikisema sentimita nne, ni nne."

"Waya unashuka ukutani, unazama ardhini, unapanda tena, unajikunja ndani ya boksi. Ongeza nne. Mita, siyo sentimita."

"Nimepima," Baba akasema.

Niliusubiri ugomvi. Haukuja. Mama wa Nyaya akatazama mikono ya Baba yenye makovu, akasema, "Sawa, fundi." Akaanza kuvuta waya kati ya misumari yake.

Nakiri kosa. Ilikuwa kumi na tisa, na ulimi wangu una maisha yake. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mooja."

Mara ya pili nikamwamkia kwenye kumi na nane. Mara ya tatu Baba alinikanyaga kidole, mama akamaliza, akakata. Waya ukakunjwa, tukaubeba mabegani kama chatu.

Alhamisi na Ijumaa tukachimba mtaro uani. Jumamosi asubuhi akaja fundi umeme, kijana wa mtaa wa pili. Akaushusha waya ukutani, akaulaza, akaupandisha bandani, na kabla ya kufika ukuta wa mwisho ukakoma, umebakiza mita mbili na nusu kufika kwenye boksi. Ukaning'inia pale kama mkono wa mtu anayeomba lifti.

"Kaniibia," Baba akasema. "Miaka yote ya ujirani."

"Baba, ni mimi," nikasema. "Nilimwamkia. Nilimpoteza hesabu."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Kisha akachukua futi kamba, tukautoa waya wote mtaroni, akaupima juu ya saruji, mwanzo hadi mwisho. Akaupima tena. Mita ishirini na tatu na nusu, na kidogo.

Alikuwa ametuongezea karibu mita moja na nusu, akanyamaza. Hakutuambia wala hakututoza. Alijua hautatosha, na alijua Baba hatakubali kusikia, akaweka alichoweza kuweka bila kumvua nguo mbele ya mwanawe. Baba alikaa chini kwenye udongo wa mtaro. Nilikuwa na mizaha kama mitatu hivi tayari, na yote niliimeza.

Fundi umeme akasema, "Mzee, usijali. Naleta kipande, tunaunga humo humo chini, tunafukia. Nani ataona?"

Jumapili ilikuwa kesho. Baba akatazama mtaro, akatazama dirisha la jikoni ambako friji lilikuwa linanguruma. "Unga," akasema.

Nikaenda nyuma ya choo nikampigia Mama wa Nyaya. Nilisikia kwaya nyuma yake, walikuwa kwenye mazoezi. Nikamweleza. Hakuniuliza swali hata moja, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwambie asiunge," akasema. "Nikitoka ibadani kesho nakuja. Asiunge."

Nilipomwambia Baba, sikujua kama atanipiga au atanishukuru. Hakufanya lolote. Alimwambia fundi umeme aje kesho.

Siku ile ya Jumapili ilikuwa karibu ya mwisho mimi kumwona nyumbani kwetu. Miezi michache baadaye jengo lenye fremu yake lilibomolewa lijengwe ghorofa, naye akahamia Moshi kwa binti yake. Kwa hiyo nimemhifadhi hivi: anaingia getini kwetu mchana wa jua kali, amevaa joho la kwaya la bluu lenye kola nyeupe, kwenye udongo wa mtaro, mkoba kwapani.

"Shikamoo mama," nikasema, safari hii kwa moyo mmoja.

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

Baba alikuwa bandani. Mama wa Nyaya aliingia, akakuta kitu ambacho sijakisema kwa sababu ya kumwonea Baba huruma. Kwenye ukuta wa mwisho, kuzunguka mahali pa boksi la breka, Baba alikuwa ametengeneza kabati la mninga. Wiki nzima ya usiku na alfajiri. Lina vioo viwili, bawaba za shaba, nakshi za maua pembeni. Boksi la breka lingekaa humo kama bibi harusi. Ndiyo sababu sentimita zilikuwa nne na siyo tano.

Mama wa Nyaya alilizunguka. Akapitisha kidole kwenye nakshi. "Zuri," akasema, na alimaanisha. "Liondoe."

"Jirani."

"Kwanza, breka haikai ndani ya mbao. Ikipata moto, itaiwasha nyumba yake yenyewe. Pili, waya hauwezi kurefuka, lakini boksi linaweza kutembea. Liweke hapa, karibu na mlango, juu ya ukuta mtupu. Waya utafika na utabaki. Hakuna kuunga."

"Mashine zote nimezipanga kwa kufuata ule ukuta."

"Utazipanga upya."

"Leo? Yule mtu anakuja alasiri."

"Basi mbona tumesimama?"

Baba alilitazama kabati lake. Mama yangu alikuwa amefika mlangoni, kanga mabegani. Nilidhani Baba atasema tena kwamba amepima. Alichukua nyundo, akageuza upande wa kung'olea, akaanza kutoa misumari mmoja mmoja, polepole, ili mbao zisipasuke.

Ilichukua saa tatu. Fundi umeme aliulaza waya tena mtaroni, akafunga boksi la chuma karibu na mlango. Mimi na Baba tulisukuma msumeno, tukasukuma randa, tukasukuma kompresa. Mama wa Nyaya alikuwa amesimama uani akituongoza, joho limepandishwa magotini, anamwuliza fundi umeme kila dakika tano kama meni imeshushwa, na kila akijibiwa ndiyo alirudi hatua moja nyuma. Fundi alipotangaza kwamba sasa anaipandisha, Mama wa Nyaya alikuwa amefika getini.

Ndipo muuza magodoro akatokea, ana kofia ya Jumapili na futi kamba yake mkononi, amekuja kupima stoo. Akasimama karibu na Mama wa Nyaya. "Kuna nini humo?" akamuuliza.

"Subiri," akamwambia.

Mama yangu alikwenda jikoni akaweka kiganja juu ya friji. Nilimwona kupitia dirishani. Baba akabonyeza swichi ya randa. Mashine ikanguruma ule mngurumo wake, nami nikafumba macho, halafu sauti ikapanda, ikanyooka, ikawa mluzi. Nikafumbua. Baba akaingiza ubao na maranda yakaanza kuruka. Katikati ya ubao kompresa ikaamka yenyewe bila kuombwa, taa ya banda ikapepesa mara moja, ikatulia. Baba hakuinua kichwa. Aliendelea na ubao wake hadi ukatoka upande wa pili.

Mama alibaki amelishika friji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akalifungua, akatoa barafu mbili za ubuyu, akatoka nazo hadi getini.

"Mama Zuhura," muuza magodoro akasema kwa sauti kubwa ili ashinde mashine, "nimekuja kwa ajili ya lile jibu. Naona bado kuna mtu ndani. Nimsubiri atoe vitu vyake?"

"Ukitaka msubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapostaafu," Mama akasema, na akampa barafu moja, nyingine akampa Mama wa Nyaya.

Zilikuwa zimeganda ngumu kama mawe. Wakasimama pale getini wote wawili, yeye na muuza magodoro, wanazing'ata kwa meno ya pembeni, rangi nyekundu inachuruzika kwenye kola nyeupe ya kwaya, na hakuna aliyeweza kusema neno kwa sababu ya kelele za Baba.